Kusoma Sanaa za Maonyesho Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Kijana wa Unguja na Pemba

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni vijana wa Wete, Chake Chake na mjini Unguja, wale ambao siku ya wazazi skulini walisimama mbele ya watu wakaigiza, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Swali lao ni lile lile: "Dada, hivi na mimi naweza kwenda kusomea sanaa za maonyesho?" Nawajibu kuwa wanaweza, kisha tunakaa kitako saa nzima tukizungumza mambo ya fomu, wazee, pesa, saumu na stara. Nimeona niyaandike, anayekuja ayakute.

Mimi ni mtoto wa Wete. Shahada hii niliisomea Bara, nikarudi, na sasa nasomesha Kiswahili sekondari na kulea kikundi cha maigizo cha skuli. Lipo jambo moja ambalo natamani ningeambiwa kabla ya kupanda meli: usivuke mikono mitupu. Nilifika chuoni nikidhani kila cha kujua kuhusu jukwaa kiko huko niendako, nikaumaliza mwaka wa kwanza naiga wenzangu. Kumbe niliyoyaacha nyumbani ndiyo ambayo walimu wangu walikuwa wakiyatafuta kwangu.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kusoma nini

Shahada ya sanaa za maonyesho ni pana kuliko kuigiza. Kuigiza kumo, lakini utakutana pia na uongozaji, uandishi wa tamthilia, usanifu wa jukwaa na maleba, yaani mavazi ya wahusika, taa na sauti, ngoma, historia ya maonyesho ya Afrika na ya dunia, uhakiki, na sanaa za maonyesho kwa maendeleo ya jamii. Utamsoma Stanislavski wa Urusi, aliyemtaka mwigizaji amtafute mhusika kutoka ndani, na Brecht wa Ujerumani, aliyetaka hadhira ikae macho na kufikiri badala ya kuchukuliwa na hisia tu. Insha ni nyingi, na sehemu kubwa utaziandika kwa Kiingereza ijapokuwa michezo yenyewe mara nyingi mtaicheza kwa Kiswahili. Kijana aliyekimbia vitabu akidhani kule atapumzika, atashangaa.

Hesabu hii nayo uijue. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi: mihadhara, mazoezi, na kusoma peke yako. Somo la krediti 12 basi ni saa 120. Katika sanaa, saa hizo nyingi zinaangukia jioni na usiku, wakati wenzako wa dakhalia wanapika na kupiga soga.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kikongwe katika fani hii. Idara yake ya sanaa za maonyesho ilianzishwa mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada inayounganisha maonyesho na filamu. Ipo pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Hiyo inatoa astashahada na stashahada, na kwa mtu ambaye alama zake za kidato cha sita hazikutosha, au anayetaka kushika ngoma na jukwaa kwanza kabla ya nadharia, ni mlango mzuri sana. Mimi binafsi nawaheshimu mno waliopitia Bagamoyo kisha wakaja chuo kikuu. Darasani kwetu hao ndio waliokuwa wakijua kusimama.

Na anayelazimika kubaki nyumbani, kwa sababu ya mzazi mgonjwa au mtoto mdogo, asione amekosa kila kitu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinasomesha Kiswahili na fasihi yake, na tamthilia ni utanzu wa fasihi. Soma huko, na jukwaa ulitafute nje ya darasa.

Hatua ya pili: zungumza na wazee kabla ya kujaza fomu

Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama, na hapa nitakaa kidogo.

Nadhani neno letu wenyewe ndilo linalotuponza. Sisi huita "mchezo". Mchezo wa kuigiza, kucheza ngoma, kucheza karata, kucheza barabarani, vyote vina neno moja. Ami yangu aliposikia, aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, miaka mitatu chuo kikuu, ukajifunze kucheza?" Nilikasirika, nikajibu kwa jazba, na nikaharibu. Mwezi mzima jambo lile halikuzungumzwa tena nyumbani.

Jaribu hivi. Usianze na baba wala mama. Anza na yule mtu mzima ambaye wazee wako wanamsikiliza: mjomba, shangazi, mwalimu wako wa Kiswahili, au hata bibi. Kaa naye peke yake, umpe salamu yake sawasawa, kisha umuoneshe orodha ya masomo yenyewe kwenye karatasi. Mtu akiona "historia", "uandishi", "utafiti", "elimu kwa jamii", picha aliyokuwa nayo ya mtu anayerukaruka inabadilika. Mwache yeye akuombee. Kwangu aliyelimaliza ni shangazi, kwa sentensi moja aliyomwambia baba alaasiri moja barazani: "Kaka, mwacheni, huyu tangu mdogo anatusimulia habari za msiba mpaka tunalia upya."

Wazee wana maswali ya kweli, usiyadharau. Watauliza utavaa nini. Watauliza kama utashikwa mkono na mwanamume asiye maharimu wako. Watauliza ukimaliza utakula wapi. Kama huna jibu, sema nitauliza, kisha uulize kweli na urudi na jibu. Mzazi hutulizwa na mtoto aliyeshayafikiria mambo kabla hajaulizwa. Na ukipewa ruhusa yenye sharti, kwa mfano usicheze mahali pa ulevi, lipokee sharti kwa moyo safi na ulitimize. Nimewaona waliokubali kwa mdomo wakavunja muhula wa kwanza, na habari hufika Pemba kabla ya meli.

Hatua ya tatu: maombi

Maombi siku hizi yanatumwa moja kwa moja kwenye chuo, kwa mtandao, katika vipindi vinavyotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kila mwaka tume hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili. Kipakue, tafuta jina la shahada yako, usome sharti lake neno kwa neno. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, kati ya A na E, yenye pointi zisizopungua 4 ukihesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Chuo kinaweza kuongeza sharti lake juu ya hapo. Waliosoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, huingia bila taabu. Anayetoka stashahada huangaliwa wastani wake, ambao kwa kawaida usipungue 3.0, pamoja na vyeti vyake vya kidato cha nne.

Ukichaguliwa vyuo viwili, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo laini uliyoandikisha kwenye fomu usimwazime mtu wala usiitupe. Binti mmoja wa kikundi changu aliandika namba ya kaka yake, kaka akaenda dago, kambi ya wavuvi, nafasi ikapita.

Vyeti vyako vya kuzaliwa na vya masomo viskani vizuri, na hakikisha majina yamefanana herufi kwa herufi. Sisi tuna Hamad na Hamadi, Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi. Herufi moja inaweza kukuzungusha wiki nzima.

Hatua ya nne: pesa

Mzanzibari ana Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Fuatilia tangazo lake mapema, maana nyaraka inazotaka hupita kwa sheha, na sheha naye ana shughuli zake. Ukishapata mkopo, weka kando fungu la mambo ambayo mwanafunzi wa fani nyingine hana: nguo mbili za mazoezi, viatu vyepesi, kuchapisha miswada, na nauli ya usiku mazoezi yakichelewa. Usikope kwa ajili ya maleba. Maleba mazuri niliyowahi kuyaona chuoni yalishonwa kwa khanga kuukuu na magunia.

Hatua ya tano: miezi kabla ya kuondoka

Kutoka matokeo hadi kufunguliwa chuo una miezi mitatu hivi. Hii ndiyo hazina, na wengi huimaliza kwenye simu. Nunua daftari lenye jalada gumu.

Kama matokeo yamekukuta Unguja, nenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, unaofanyika mwezi wa Julai. Nenda na macho ya mwanafunzi. Wanaume wanapigana kwa magogo ya migomba, wanawake wanaimba na kurushiana maneno, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo ndani anakimbia kujiokoa. Andika: uwanja umekaaje? Nani anaruhusiwa kuingia kati, na nani anabaki pembeni? Watu wamejuaje kuwa sasa ni wakati wa kusogea? Hakuna aliyewapigia kengele. Ukiweza kujibu swali hilo moja umeshaelewa jambo kuhusu hadhira ambalo chuoni litakuja na jina refu.

Kama uko Pemba, tafuta kibati. Majibizano yake ni ya haraka, yanatungwa papo hapo juu ya mdundo wa ngoma, na waitikiaji wanadakia. Mtu anayejua kibati hawezi kupotelewa na maneno jukwaani, kwa sababu amezoea kusikiliza kabla ya kujibu. Tazama kirumbizi, watu wanavyochezeana fimbo: miguu iko wapi, macho yako wapi, na vipi mtu anatisha bila kuumiza. Tazama msewe, usikilize njuga za miguuni zinavyohesabu hatua. Muombe mzee akueleze, na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu kurekodi. Mambo mengine, kama ya unyago, hayarekodiwi, na hayapelekwi darasani hata mwalimu akikuomba kwa upole.

Nyumbani, mketishe bibi akupe hadithi. Asikusomee, akusimulie. Angalia anavyobadilisha sauti ya zimwi, anaponyamaza, anapomkazia macho mtoto mmoja kati ya wote. Jifunze hadithi moja kwa namna yake, pumzi kwa pumzi, mpaka uweze kuisimulia mbele ya watu ishirini. Hii ndiyo iliyoniokoa. Mwaka wa pili tuliambiwa kila mtu asimame dakika tano bila mswada, bila vifaa, aishike hadhira. Wenzangu walileta vipande vya filamu walizoziona. Mimi nilisema "Paukwa", darasa zima likaitika "Pakawa", na nikawa nimewapata kabla sijaanza.

Soma tamthilia za Kiswahili kwa sauti, ukiwa umesimama. Kumi zinatosha. Tamthilia ukiisoma umelala kimyakimya unapata kisa chake tu, na kisa ni sehemu ndogo ya tamthilia. Shairi za taarab nazo ni darasa la kusema jambo bila kulitaja. Watu wetu wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi za Siti binti Saad na kabla yake.

Hatua ya sita: mazoezini

Sauti kwanza. Vijana wengi wanapoambiwa "hatukusikii" hupiga kelele, na kelele huua koo. Simama miguu ikiwa sawa na mabega, weka mkono juu ya kitovu, vuta pumzi mpaka mkono usogee mbele, mabega yasipande. Toa pumzi ukihesabu polepole, moja hadi kumi, kisha kila wiki uongeze mpaka ufike ishirini na tano. Baadaye weka mtu hatua ishirini mbali nawe, umwambie siri. Siri, usimpigie ukelele. Akiisikia, umeanza kuweza.

Lafudhi. Sisi wa visiwani tuna ugonjwa wetu: Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo tunadhani hatuna la kujifunza. Jukwaani utapewa mhusika wa Mwanza au wa Songea, na utatakiwa umheshimu kwa kusema kama anavyosema yeye. Upande mwingine, wapo wa Pemba wanaoficha Kipemba chao mara tu wakishuka bandarini Dar es Salaam. Usikifiche. Kishike pembeni kama nguo ya heshima, siku ya mhusika wake itafika.

Namna ya kuufungua mswada nitakuonesha kwa mfano niliouandika kwa ajili ya wanafunzi wangu. Karafuu zimeanikwa uani juu ya jamvi. Mawingu yanakusanyika.

MAMA: Umeshaanua?

KIJANA: Mvua hiyo, Mama.

MAMA: Nakuuliza, umeshaanua?

Mwanafunzi mgeni atasema "Mvua hiyo, Mama" akitazama juu, basi. Sasa mwambie kuwa jana usiku kijana aliuza pishi tatu za karafuu hizo kulipa deni, na mama hajui. Neno limekuwa jingine. Kijana anataka macho ya mama yaende mbinguni yasiende jamvini. Mama naye, anaporudia swali, ameshaona nini? Je, anajua na anampa mwanawe nafasi ya kusema mwenyewe? Kwa kila mstari wa mhusika wako, andika kwa kalamu ya risasi pembeni anataka nini kwa huyo anayemwambia. Usiandike hisia, kama "ana huzuni". Hisia haichezeki. Kitendo, kama "anamzuia asitazame chini", kinachezeka.

Kukariri: nakili mistari yako kwa mkono, pamoja na neno la mwisho la anayekutangulia, kisha ikariri ukitembea au ukifua. Aliyekariri amekaa akiambiwa asimame husahau.

Na kuwahi. Mazoezi ya saa kumi alaasiri maana yake saa kumi kasorobo umeshavua viatu. Ukichelewa wewe, watu kumi na watano wamekaa bure.

Stara, saumu na salaa

Haya hayamo kwenye kitabu cha chuo chochote, na ndiyo niliyoulizwa kuliko yote.

Mambo ya kuguswa, kukumbatiwa na mavazi yaseme siku ya kwanza ya kuusoma mswada pamoja, mbele ya muongozaji, kwa sauti ya kawaida. Ukinyamaza mpaka wiki ya maonyesho, unawatia wenzako shidani na wewe unaonekana unakwamisha. Nilipowahi kusema, muongozaji wetu aligeuza tukio la mke na mume kukutana baada ya miaka mingi. Badala ya kukumbatiana, mume alitua mzigo chini, mke akauokota, wakatazamana juu ya mzigo ule. Watu walilia. Jukwaa lina njia nyingi za kusema jambo moja, na sharti lako linaweza kumzaa msanii ndani yako. Hijabu si kizuizi: jadiliana na mshonaji wa maleba, mhusika wa kale anaweza kuvaa ukaya, mhusika wa leo mtandio. Kama kuna nafasi huwezi kuicheza kabisa, iache kwa adabu na uombe nyingine. Alama hazitolewi kwa ukubwa wa nafasi.

Ramadhani, kaeni kikundi kizima mpange upya. Mazoezi ya maneno na ya meza yafanyike asubuhi, wakati koo bado lina unyevu. Mazoezi ya mwili na ya sauti kubwa yasogezwe usiku baada ya tarawehe, na mtu asirudi peke yake. Usijaribu kuonesha ushujaa wa kupiga mayowe saa tisa mchana umefunga, koo likikwaruzika litakuchukua wiki. Wenzetu wasiofunga, wengi wao niliowakuta ni watu wa staha, ukiwaeleza wanaelewa.

Saa za salaa ziingizwe kwenye ratiba tangu mwanzo, kama mapumziko ya kila mtu. Na siku mtakapoleta onyesho visiwani, kumbukeni adhana. Kwetu magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo hivi, na isha haichelewi baada yake. Onyesho la wazi, mathalani Ngome Kongwe pale Forodhani, lianze saa mbili na nusu usiku, watu wameshasali na wameshakula. Mkianza saa moja, mtakatwa katikati ya tukio, na nusu ya hadhira itaondoka. Itakuwa na haki.

Nyuma ya jukwaa

Katika miaka mitatu, angalau onyesho moja lisimamie bila kuonekana: taa, sauti, maleba, au usimamizi wa jukwaa. Wanaojua kuunganisha taa na kuendesha ratiba ya onyesho wanaitwa kazini kuliko waigizaji. Jifunze kufunga nyaya, kuandika orodha ya vifaa, kuita zamu za watu. Anza na kamba, utepe na tochi.

Kazi ya nje: rudi nyumbani

Utafika wakati wa kupeleka sanaa kwa jamii. Hii ndiyo sehemu ya masomo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoikosea vibaya kuliko zote. Vyuo vyetu vina historia nayo. Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyatoa matatizo yao kwa njia ya maigizo. Na kutoka Brazili utamsoma Augusto Boal, aliyemwachia mtazamaji aingie jukwaani abadilishe mchezo.

Tulikwenda kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, kwa wanawake wanaolima mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulikuwa tumeshaandika mchezo wetu dakhalia, umekamilika, una mnyonyaji na mnyonywaji: dalali na mkulima. Tukaucheza. Walipiga makofi ya adabu. Kisha bibi mmoja akasema, "Wanangu mmesema vizuri. Lakini sisi hapa hatugombani na dalali. Tunagombana na maji. Maji yamekuwa ya moto, mwani unaoza kabla ya kukomaa." Nilitamani ardhi inimeze. Siku nne tulizokuwa tumebakiwa nazo tulizitumia kusikiliza, na hivi ndivyo ninavyofanya sasa na ninavyokushauri ufanye.

Anza kwa sheha. Mpelekee barua ya chuo, umweleze mnakuja kufanya nini na mtakaa siku ngapi. Kwa maonyesho ya hadharani ulizia pia kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kisha tazama mwezi. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, wanawake wa mwani wako shambani pwani, na ukiitisha mkutano utapata watoto. Njoo wakati wa maji mafu, yasiyotoka sana. Siku mbili za kwanza usicheze chochote. Nenda nao, beba kamba, uliza kidogo, sikiliza sana. Jioni kikundi kikae, kila mmoja aseme jambo moja alilolisikia kwa maneno ya aliyesema. Kutoka hapo tungeni mchezo mfupi, dakika kumi na tano, unaoishia pale mambo yanapokuwa mabaya kabisa. Simamisheni hapo. Muulizeni mtazamaji: angefanya nini mtu huyu? Anayejibu muombe aje asimame mahali pa mhusika. Wa kwanza atakataa, wa pili atacheka, wa tatu atainuka. Kwetu yule wa tatu alikuwa bibi yule yule. Aliingia uwanjani, akamfukuza mwigizaji wetu kwa mkono, akacheza namna wanavyoamua kuihamisha kamba kwenye maji marefu na khofu yao ya kutojua kuogelea. Robo saa nzima hakuna aliyekohoa. Sisi wanafunzi tulikaa chini tukaandika.

Mwaka wa mwisho

Utatakiwa kufanya utafiti, na mara nyingi pia onyesho lako mwenyewe. Chagua mada ambayo unaweza kuifikia kwa mguu ukiwa likizo. Majibizano ya kibati, maleba ya beni, vichekesho vya redioni, maonyesho ya skuli za Pemba: vyote vina watu walio hai wanaoweza kuhojiwa, na baadhi yao ni wazee sana. Rekodi kwa ruhusa, andika tarehe na mahali, tunza nakala mbili sehemu mbili tofauti.

Mafunzo ya kazini yatafute mapema: Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, lenye redio na televisheni, tamasha la filamu la ZIFF, ambalo limekuwa likifanyika Unguja tangu mwaka 1998, asasi zinazotoa elimu ya afya na haki za watoto kwa maigizo. Skuli pia zinahitaji watu hawa, kwani tamthilia inasomeshwa sekondari na walimu wengi hawajawahi kuiona ikichezwa. Peleka barua pamoja na video ya dakika tatu ya kazi yako. Chagua tukio moja lenye watu wawili wanaosikilizana.

Utafiti ukishafungwa jalada, chapisha nakala moja zaidi. Rudi kwa aliyekupa hadithi, ngoma au majibizano yale, ukae naye, umsomee kurasa zinazomhusu. Wangu alinirekebisha maneno mawili na jina la mtunzi. Nilirudi chuoni nikabadilisha kabla ya kukabidhi.